Ulimwambia Kulwa, Mimi Hukuniambia

Mama, shikamoo.

Naanza na shikamoo kwa sababu ndivyo ulivyonilea. Hata mtu aliyemkasirikia mama yake hawezi kumjia hivi hivi bila salamu. Nakusikia ukiitikia marahaba, halafu unauliza kama kawaida yako, "Umekula?" Nimekula, Mama. Nimekula hadi kitambi kimefika mezani kabla yangu. Leo ni siku ya baada ya Krismasi, mtaa mzima umelala, mteja hata mmoja hajapita kuulizia suruali yake, na mimi cherehani nimeifunika kitambaa nikaketi kukuandikia.

Nikwambie wazi kabla sijaanza kuzunguka, maana unanijua, nikiwa na jambo zito huwa naanzia kwenye habari za nyuzi na vifungo. Nimekukasirikia. Si ile hasira ya mtoto aliyenyimwa embe. Ni hasira ya mtu mzima mwenye mvi, mwenye mke na watoto, aliyejikuta amesimama kwenye ua wa watu akisimuliwa habari za mama yake mwenyewe kana kwamba ni mgeni. Ulimwambia Kulwa. Ulimwambia Bi Zuwena. Mimi hukuniambia.

Lakini ngoja nikupe kwanza habari za nyumbani, usije ukasema Doto kaja na ugomvi mikono mitupu.

Mvua zimeanza vizuri. Mahindi ya shambani kwako Kwihara yamefika magotini, na kama palizi imechelewa, lawama ni zangu, mgongo wangu umekuwa na maoni yake siku hizi. Jogoo wako mkorofi yupo, bado anawafukuza wageni. Wale watalii wanaotafuta tembe la makumbusho bado wanapotea njia na kuishia mlangoni kwetu, nami nawaelekeza kwa Kiingereza changu, ambacho unakijua. Wanashukuru sana, halafu wanaelekea upande mwingine kabisa. Paa la jikoni nimeliziba. Kaburi lako limetitia kidogo kwa mvua, nimeongeza udongo, tutalijengea kwenye misa ya mwaka. Mjukuu wako Neema yuko kidato cha pili, anazidi kufanana na wewe, hasa akiwa amenuna.

Na watu bado wanasema "kwa Mama Kulwa." Hilo halijabadilika. Tulizaliwa siku moja mimi na dada yangu, lakini Unyamwezi mzima ulikubaliana kwamba wewe ni Mama Kulwa. Mimi nilichelewa kidogo tu kutoka. Kwa kosa hilo nimeishi maisha yote nikiwa nyongeza. Nilizoea, hata nilikuwa nawachekesha watu nalo. Mwaka huu halikunichekesha.

Sasa tuje kwenye Krismasi.

Unakumbuka ulivyotulea na Krismasi ya ajabu? Wenzetu wote walikuwa wanapewa nguo mpya, soda, na ruhusa ya kuzurura mjini. Sisi nguo mpya ilikuwa Mwaka Mpya, na soda ilikuwa majaliwa. Siku moja kabla ulikuwa unakwenda hospitali kuwauliza wauguzi: nani hana mtu? Maana pale kwetu mgonjwa analetewa chakula na ndugu zake, na asiye na ndugu anatazama sufuria za wenzake zikifunuliwa. Ulirudi na majina kichwani. Hukuandika popote. Ukatuketisha mkekani, ukamgawia kila mmoja jina lake. "Kulwa, wewe ndugu yako ni Bibi Tausi, kalazwa tangu wiki iliyopita, mguu. Doto, wewe ndugu yako ni Mzee Kapela." Na tukisali, tulisali kwa majina hayo.

Na asubuhi, baada ya ibada, sufuria kubwa tuliloazima kwa rafiki yako Bi Zuwena likiwa limefunikwa khanga nyuma ya baiskeli ya marehemu baba, tulikwenda. Amri zako nazijua hata leo. Langoni mlinzi akiuliza, hakuna kusema tumeleta msaada. Unasema nimekuja kumwona ndugu yangu, unataja jina. Hakuna kusimama mlangoni mwa wodi na kugawa kama mgao wa mahindi. Unakwenda kwenye kitanda cha ndugu yako, unakaa, unamnawisha mikono, mnakula sahani moja. Na huondoki mpaka akuruhusu.

Nilikuwa darasa la nne ulipompa Mzee Kapela kuwa ndugu yangu. Mchungaji wa ng'ombe, kavunjika mbavu. Nilimnawisha kama ulivyofundisha, nikamwekea paja la kuku upande wake, nikasubiri abariki. Akanitazama, akasema, "Kijana, kuku naona. Lakini mgongo unaniwasha tangu Jumanne na mkono haufiki." Basi Krismasi yangu yote nilimkuna mgongo mzee wa watu. Kushoto, kulia, chini kidogo, hapo hapo. Nilirudi nyumbani kucha zinauma, nikakushtakia. Ulicheka hadi ukakaa chini. Halafu ukasema jambo ambalo nimelishika miaka yote: "Yosefu alirudi kwenye mji wa ukoo wake kabisa, na bado hakupata ndugu wa kumfungulia mlango. Krismasi ni hiyo. Pilau ni mboga tu."

Na ulituambia ilivyoanza. Kwamba babu wa babu yako alikuja na msafara, mpagazi, mzigo kichwani kutoka huko alikotoka, akaugua hapa Kwihara na wenzake wakamwacha kando ya njia kwa sababu msafara haungojei mtu. Mwanamke mmoja akatoka na uji. Watu wakamuuliza, huyu nani wako? Akasema ndugu yangu. Ukatuambia, "Sisi wote tumetokana na ule uongo." Mama, hukunifundisha desturi tu. Ulinifundisha kwamba hiyo ndiyo damu yangu. Ndipo uchungu wangu ulipo. Mtu hawezi kumwambia mtoto hii ni damu yako, halafu akabadili mawazo kimya kimya.

Krismasi iliyopita ulikuwa umelazwa wewe. Hata kitandani ulikuwa mkuu wa shughuli. Uliwauliza wauguzi, ukatupa majina. Kulwa akapewa binti mmoja kitanda cha tatu kutoka chako, mimi nikapewa baba mmoja wodi ya wanaume. Nilikwenda. Nilitaka kukaa kwako, ukanifukuza. "Mimi nina ndugu," ukasema, "nenda kwa asiye naye." Nikaenda, nikakaa, nikala naye, tukazungumza habari za mpira mpaka akasinzia.

Yale yaliyotokea wodini kwako nilipokuwa huko sikuyajua. Nimeyajua juzijuzi tu.

Uliporudi nyumbani Januari, nilikuwa nakuja Kwihara kila nikifunga kazi. Siku moja nilikuwa nakukanda miguu na yale mafuta ya nyonyo. Nikakwambia, "Mama, Krismasi ijayo tutakwenda na sufuria mbili. Watoto wamekuwa wengi sasa, tunaweza." Ukanitazama. Ukatabasamu. Nilitoka pale nikiwa mtu mwenye furaha, Mama. Nilipanda baiskeli naimba. Na baada ya mazishi, kila aliyeniuliza mama alikuachia neno gani, nilisema aliniachia Krismasi. Nilisema kwenye jumuiya. Nilisema mbele ya padre. Nilisema kwa sauti, unajua sauti yangu.

Basi Desemba imefika, Kulwa ananipigia kutoka Nzega. "Kaka, mwaka huu Krismasi kwangu. Wote. Shemeji, watoto, kila mtu. Nitaagiza keki, kutakuwa na muziki, watoto watavaa sare." Sare! Na nani azishone? Nikamuuliza, na hospitali? Akasema, "Mwaka huu tupumzike, Doto." Nikamhubiria. Nilihubiri mpaka salio la simu likaisha, na nilikuwa nimepigiwa mimi, kwa hiyo salio lilikuwa lake. Nilimwita Herode, Mama. Dada yangu wa tumbo moja. Mama Neema alikuwa anasikiliza akipepeta mchele, akasema, "Herode gani anakualika pilau?" Sikucheka. Nilijiona niko upande wako, na mtu aliye upande wa mama yake aliyekufa hachekeshwi kirahisi.

Mama Neema alijaribu tena usiku ule wa maneno, kwa upole. "Baba Neema, kama dada yako anataka kupumzika, mwache. Wewe nenda." Nikamwambia hii si kazi ya mtu mmoja, ni neno la marehemu. Maskini mimi. Nilikuwa nakusemea, na wewe ulishajisemea.

Siku chache kabla ya sikukuu nilikwenda kwa Bi Zuwena kuomba lile sufuria. Unajua ule ua wao, nyuma ya duka la vitambaa. Nikabisha hodi, nikaamkia. Yuko pale barazani anachambua mchele, miwani imeteremka puani. Tukazungumza ya mvua, ya magoti yake, ya mjukuu wake aliyeolewa. Nikasema, "Bi Zuwena, nimekuja kwa lile jambo letu la kila mwaka."

Akaweka ungo chini. "Lipi?"

"Sufuria."

Akanitazama, Mama, kama anavyotazamwa mtu aliyekuja kuuliza marehemu yuko wapi. "Doto, mwanangu. Mama'ko si alisema basi? Mwenyewe alikuja kuniambia, kabla hajazidiwa, akashushwa na bajaji hapo mlangoni. Akasema, mwenzangu, sufuria lako pumzika nalo, wanangu nimewaachia wakale na watoto wao. Nikamwambia, na Doto? Akasema Doto nitamwona."

Doto utamwona! Ulikuja mjini mgonjwa, kwa bajaji, kwenye ile barabara yenye mashimo, kumwambia Bi Zuwena. Dukani kwangu ni hatua chache tu kutoka pale. Ulipita mbele yangu, Mama. Inawezekana nilikuwa ndani nashona.

Bi Zuwena aliona nimebadilika. Akaniletea kahawa na kipande cha kashata, akasema, "Wallahi nilidhani unajua. Kulwa hakukwambia?" Kulwa! Nikaiacha kahawa ikapoa. Mimi, ambaye huwa naomba ya pili.

Nilimpigia Kulwa nikiwa nimesimama palepale barabarani, pikipiki zinanipigia honi. Sikusalimia. Nikamuuliza, "Mama alikwambia nini?" Akajua mara moja. Mapacha ni watu wabaya kwa mambo hayo. Akaanza kulia kabla hajajibu, nikajua ni kweli.

Akanisimulia. Kwamba wakati mimi niko wodi ya wanaume, kiliingia kikundi cha watu wageni, wema tu, fulana za rangi moja, spika ndogo inaimba. Wakapita kitanda kwa kitanda na mifuko, sabuni, juisi, mkate. Wakafika kwako. Mmoja akakushika bega, mwingine akashika simu kupiga picha, wakasema, "Bibi, tabasamu." Ukatabasamu. Picha haikutoka vizuri, wakasema tena. Ukatabasamu tena. Walipokwenda, ukageukia ukuta. Kulwa akadhani umelala. Halafu ukasema, na haya ni maneno yako, ameyarudia mara mbili kama nilivyomwomba: "Mtu akikuletea chakula unalazimika kutabasamu. Nimetabasamu mpaka taya zinauma. Sasa najiuliza, Kulwa, miaka yote hii ni wangapi walitabasamu kwa ajili yangu?" Ukamwambia basi, imetosha, mkale nyumbani kwenu.

Kulwa akakuuliza, na Doto?

Ukasema, "Doto usimwambie. Ataumia. Mwache, atachoka mwenyewe."

Mama. Atachoka mwenyewe? Kama mtoto anayelilia pipi? Nina umri wa kupewa siti na vijana wenye adabu, na mama yangu anapanga na dada yangu namna ya kunisubiri nichoke?

Na hapo likanijia lile tabasamu la Januari. Nilipokuwa nakukanda miguu, nikakwambia sufuria mbili, ukanitazama ukatabasamu. Nililibeba lile tabasamu mwaka mzima. Nililala nalo. Nililihubiri kanisani. Sasa sijui lilikuwa tabasamu gani. Sijui kama ulikuwa mama yangu pale au mgonjwa aliyeletewa juisi. Ulinifanyia mimi, mtoto wako, kile ulichowafanyia wale watu wa fulana. Hilo ndilo linaloniuma, si sufuria.

Nimekaa na hasira hiyo siku kadhaa. Mama Neema anasema nilishona shati moja mikono yote ya kushoto. Ni kweli, na mwenye shati ni mwalimu, anafikiri ni fasheni. Nilibishana na wewe kichwani. Nikakwambia, hukutendea haki. Uliona spika na picha, ukatuweka kapu moja nao. Lini sisi tulimwambia mtu tabasamu? Lini tulipiga picha? Mzee Kapela alitabasamu? Mzee Kapela aliniamuru nimkune! Halafu nikinyamaza, nasikia sauti yako ya upole, ile mbaya zaidi: ulijuaje, Doto? Ulikuwa na miaka kumi. Uliangalia uso wake au uliangalia paja la kuku?

Na ulikuwa umekufa, kwa hiyo hukuwa na haraka ya jibu.

Siku ya kuamkia Krismasi Mama Neema akafunga mizigo kwenda Nzega na watoto. Aliniuliza kwa macho tu. Nikamwambia nendeni, mkale, msalimieni Herode. Neema akabaki nyuma kidogo mlangoni. Akauliza, "Baba, lazima tubaki twende hospitali?" Mama, jibu lilikuwa tayari mdomoni, lile jibu lako. Ni damu yetu. Nikalimeza. Nikamwambia, "Si lazima." Akanitazama kama nimeugua. Halafu akakimbilia basi, na sikumlaumu. Nilimnunia kidogo tu, mpaka basi lilipokata kona.

Nikaenda hospitali jioni ile, nikamuuliza muuguzi, nani hana mtu? Akasema yuko baba mmoja wa Puge, Masanja, kapigwa na dume la ng'ombe, nyonga. Ndugu zake walimleta wakarudi, mvua zimekata njia ya kijijini kwao. Jina moja tu. Nikalirudia njiani nisilisahau, maana kichwa changu si chako.

Krismasi asubuhi nikaenda ibada. Nilikaa nyuma, pembeni mwa nguzo, nisije nikaulizwa habari za sufuria mbili. Nikapika mwenyewe. Usicheke. Wali ulishika chini, kuku nilimtia chumvi mara mbili kwa sababu nilisahau mara ya kwanza. Nikaweka kwenye hotpoti, nikafunga michembe kidogo, vile viazi vikavu vya kwetu, kwenye mfuko, nikaenda. Langoni mlinzi akauliza, unamwona nani? Nikasema Masanja. Nilitaka kusema ndugu yangu, ulimi ukasita. Nikasema Masanja tu.

Nikamkuta amelala chali, mtu mkubwa, miguu imepita kitanda. "Mwangaluka," nikamsalimia. Akaitikia, akaniuliza ninatoka wapi, ukoo gani, kama watu wa kwetu. Nikamnawisha. Nikafunua. Akatazama wali, akatazama kuku, akanitazama mimi.

Nikamwambia, "Masanja, hulazimiki kutabasamu."

Akasema, "Sina mpango huo. Wali umeungua."

Tukala. Alikula polepole, akitema mifupa mkononi mwangu kwa sababu hakufikia sahani. Alinidhihaki kuhusu chumvi, akauliza kama mke wangu amenikimbia. Nikamwambia amekwenda kula keki Nzega. Akasema ana akili. Na mimi, Mama, badala ya kufurahi, nilikuwa namwangalia usoni kama mwizi anavyoangalia dirisha. Natafuta kama umesema kweli. Mwishowe nikashindwa, nikamuuliza. "Ndugu yangu, nisamehe. Mtu usiyemjua akikuletea chakula, unaona aibu?"

Akaacha kutafuna. Kitanda cha pili wakatega sikio.

"Naona," akasema. "Wewe ungelala hapa usingeona?"

Ulikuwa na haki, Mama. Ulikuwa na haki kabisa, kuhusu miaka yote ile. Nikaanza kufunika hotpoti, mikono inatafuta kifuniko. Masanja akaweka mkono wake mzito juu ya kifuniko.

"Kaa," akasema. "Nilisema naona aibu, sikusema uondoke. Ukiondoka aibu itabaki, na mimi nitabaki peke yangu nayo."

Basi nikakaa. Tulizungumza habari za ng'ombe, ambazo sizijui. Nikakaa mpaka wageni wakatolewa. Na sikuweza kuondoka nikiwa mtu mwema, Mama. Nilitoka pale nikiwa mtu aliyeruhusiwa kukaa. Nadhani ni hilo ulilolikosa wewe siku ile kitandani. Wale watu hawakukaa. Hakuna aliyekuuliza. Na wewe, kwa haya zako, hukuniuliza mimi wala kuniambia. Ungeniambia tu, ningekaa. Ningekuuliza, unaona aibu, Mama? Ungesema naona. Ningekukanda miguu tu, nikanyamaza.

Jioni Kulwa akanipigia. Muziki ulikuwa nyuma yake, watoto wanapiga kelele. Akauliza, "Ulikwenda?"

"Nilikwenda."

"Alikula?"

"Alilalamika, lakini alikula."

Akasema, "Samahani, Doto." Sikumwambia imekwisha, kwa sababu haijaisha. Nikamwambia aniwekee kipande cha keki. Hicho ndicho nilichoweza jana. Kumkasirikia Kulwa ni kazi ngumu, ni kama kujikasirikia kwenye kioo, na kioo chenyewe kinalia.

Wewe je? Sijakusamehe bado, Mama. Nilidhani nikiandika nitafika huko, sijafika. Nimekaribia tu. Kesho kutwa nitakwenda Kwihara kupalilia, nitapita kwako kwanza, sitasema kitu, nitang'oa yale majani yanayoota miguuni mwako, halafu nitaendelea na mahindi. Siku nitakayokuwa tayari utajua. Nitaleta kiti.

Mwakani nitakwenda tena wodini. Si kwa sababu uliniachia, kwa kuwa sasa najua hukuniachia. Nitakwenda kwa sababu yangu, na nitamuuliza kila nitakayempata kama anaona aibu, na nitasikia jibu lake liwe lolote. Masanja akipona kasema nije Puge, nikafundishwe ng'ombe. Nitakwenda na huko.

Na nakuahidi jambo moja lingine, ulishike hapo ulipo. Neema amerudi mchana huu, yuko nje anasuka nywele na wenzake, nasikia wanacheka. Siku nitakapobadili mawazo juu ya jambo lolote nililomfundisha mtoto huyu, hata liwe la imani, hata awe ameolewa na ana wajukuu, hata niwe nimelazwa siwezi kuinua shingo, nitamwita. Nitamwambia yeye kwanza, uso kwa uso. Akilia, alie nikiwa nimemshika mkono.

Lala, Mama. Mungu akupokee kama ndugu yake.

Mwanao,
Doto